Tango la Ipogolo (9): Mdomo wa Eveline

Saksafoni ndiyo iliyoanza. Ikafuata kodiani. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, changa, safi, ikipanda taratibu nyuma ya mlango uliofungwa.

*Nakungoja Ipogolo, mvua yanila mabega,*
*Sitalisahau hilo, na jua limeniaga.*

Mkono wa Verediana Kalinga ulikuwa bado kwenye kitasa, pale pale tulipomwacha Jumapili iliyopita. Alikuwa amepanda basi kutoka Mbeya mpaka Iringa bila kumuaga mtu, amefika kwenye ukumbi wa Kitanzini kudai sauti yake, na kabla hajausukuma mlango akajisikia mwenyewe akiimba huko ndani.

Aliyekosa magazeti yaliyopita asihangaike, habari ni fupi. Zamani, enzi za santuri, Verediana alikuwa mwimbaji wa Orchestra Udzungwa ya hapa Iringa. Bendi nyingine zilipiga rumba, wao wakapiga na tango, na mwimba tango alikuwa yeye. Akaenda na wenzake Dar es Salaam kurekodi "Tango la Ipogolo" redioni. Santuri ilipotoka, ilikuwa na jina la mwenzake, Eveline. Verediana akaacha muziki, akakaa kwa mumewe Ilomba, Mbeya, akasahaulika kama nguo ya mwaka juzi.

Mwaka huu vijana wameliokota tango lile, wamelitia kwenye simu zao, wanalicheza barabarani. Mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini, Kartik, ameandaa dansi kubwa siku ya Jumamosi. Matangazo yamebandikwa mpaka stendi: EVELINE, MALKIA WA TANGO, NA SAUTI YAKE ILE ILE.

Verediana anataka kitu kimoja tu. Anataka Iringa iambiwe sauti ile ni ya nani, na iambiwe yeye akiwa hai.

Akausukuma mlango.

Na ninyi mnaosema Eveline anaonewa katika hadithi hii, someni taratibu hapa.

Eveline alikuwa amesimama jukwaani na gauni la kumetameta juu ya sweta, maana baridi ya Juni ya Iringa haina adabu kwa malkia. Mkononi ana kipaza sauti. Mdomo unafunguka na kufungika. Kichwa kinainama, mkono unapaa, kope zinashuka kwa huzuni.

Sauti haikuwa inatoka kwake.

Pembeni, juu ya meza, mkanda wa zamani ulikuwa unazunguka kwenye mashine yenye magurudumu mawili, na Kartik ameinama juu yake kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Mzee Shedrack, kiongozi wa bendi tangu enzi zile, alikaa kwenye kiti na saksafoni mapajani. Hakuipuliza. Ya kwenye mkanda ilikuwa inapuliza kwa niaba yake, kwa mapafu ya ujana wake.

Mpango wa Jumamosi ulikuwa huo. Mkanda uimbe, Eveline atafune hewa, watu walipe kiingilio.

Verediana alisimama kwenye kivuli cha mlango. Hakuna aliyemwona. Ubeti wa pili ukaisha. Muziki ukashuka, na ikafika sehemu ambayo kila bendi ya wakati ule ilikuwa nayo, sehemu ya kumsifu mlezi. Mlezi wa Orchestra Udzungwa alikuwa Mzee Sedekia, tajiri wa malori kutoka Mbeya, aliyewanunulia vyombo vyote mpaka kamba za gitaa.

"Mlezi wetu..." ikaimba sauti ya kwenye mkanda.

Ikanyamaza. Saksafoni ikaendelea peke yake, ikijipindapinda. Kisha sauti ikarudi: "...pokea tango letu."

Lakini katikati ya kimya kile kulitoka sauti nyingine. Ilikwaruza kama bati linaloburutwa kwenye zege, ikajaa ukumbi mzima kupitia kipaza sauti.

"Sedekiaaa," alikuwa ameimba Eveline.

Akajiziba mdomo. Alikuwa amechelewa.

Elewa kilichompata. Verediana alipoacha muziki, Eveline ndiye aliyelirithi tango. Aliliimba kwenye mabaa ya Iringa, akaliimba Mafinga, akaliimba Mgololo kwa wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi, na kila alipofika pale alimwita mlezi kwa jina, kwa nguvu, maana mlezi akisifiwa hutoa. Miaka na miaka mdomo wake ulilizoea jina lile mahali pale. Leo mdomo umekwenda wenyewe, kama punda anayejua njia ya nyumbani.

Kartik alizima mashine. Akaurudisha mkanda nyuma, akausikiliza tena, kichwa pembeni. Ni mtoto wa Iringa, amezaliwa mtaa wa madukani. Baba yake Anil ndiye aliyekuwa akiuza santuri na kutengeneza redio, na mkanda ule ulikuwa wa baba yake.

Akamuuliza Eveline, kwa upole wa mtu ambaye ameshauza tiketi, kwa nini jina alilolitaja sasa hivi halimo kwenye mkanda.

Eveline akajibu haraka kwamba mkanda umezeeka, umekatika pale.

"Saksafoni imeendelea, bibi," Kartik akasema. "Mkanda ukikatika, unakatika na vyote."

Basi panya ameula kidogo, Eveline akasema. Panya wa Iringa ni wasumbufu.

"Panya anakula sauti anaacha saksafoni?"

"Haukukatika," ikasema sauti kutoka mlangoni. "Nilinyamaza."

Wote watatu wakageuka.

Verediana alitembea katikati ya viti vitupu na mkoba wake kwapani, koti limefungwa mpaka shingoni, kitambaa cheusi kichwani. Hakuharakisha. Shedrack alipomtambua aliishika saksafoni kama mtu anayetaka kujificha nyuma yake.

Eveline ndiye aliyepata maneno kwanza. Akatabasamu kwa meno tu, akamsalimia Kihehe.

"Kamwene, Vere. Nilisikia umekufa."

"Kamwene," Verediana akajibu. "Na mimi nilisikia unaimba."

Kartik akatazama huku na huku. Akauliza mama huyu ni nani. Eveline akamwambia asijali, huyu ni msichana wa zamani aliyekuwa akiwafulia bendi mashati, maskini, umri umemchanganya, kila msanii ana watu wa namna hii wanaomfuata.

Verediana alimgeukia Shedrack, akamwambia amwambie kijana huyu nani aliimba siku ile Dar es Salaam.

Shedrack akaviangalia viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri, vipya, vya Jumamosi.

"Simkumbuki huyu mama," akasema.

"Ulikula harusini kwangu, Shedrack."

"Nimekula harusi nyingi."

Pigo hilo lilimwingia Verediana. Eveline aliliona likiingia na akaamua kupigilia. Akakishusha kipaza sauti, akamnyooshea.

"Imba basi. Kama sauti ni yako, imba tukusikie. Nani amekukataza?"

Alifikiri Verediana ataogopa. Mwanamke huyu hajagusa kipaza sauti tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kwaya ya kanisani amekataa, harusini amekataa, hata mtoto hajamwimbia kwa sauti inayosikika nje ya chumba.

Verediana akaweka mkoba chini, akakipokea, akaanza bila kodiani, bila chochote.

Sauti ilikuwa imeshuka, imepata mawe. Ile ya kwenye mkanda ilikuwa maji, hii ilikuwa chumvi. Lakini ilikanyaga pale pale. Ilisita pale pale kabla ya "mabega", ikalivuta neno "hilo" nyuma ya mapigo kama mtu anayekataa kutoka nje ya nyumba. Vidole vya Shedrack vilianza kucheza juu ya saksafoni bila idhini yake.

Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Kartik alikuwa amesahau kufunga mdomo.

"Mlezi wetu..." akaimba Verediana.

Akanyamaza.

Ukumbi ulitulia mpaka ikasikika pikipiki ikipanda mlima huko nje. Kisha Eveline akacheka. Alicheka akijishika kiuno, akageuka kumtafuta Shedrack acheke naye.

"Amesahau. Mwenye tango amesahau tango. Mlezi wetu nani, Vere? Malizia."

"...pokea tango letu," akamalizia Verediana, akashusha kipaza sauti.

"Umeruka jina. Litaje jina."

"Silitaji."

"Hulijui."

"Nalijua kuliko wewe," Verediana akasema. "Ni baba mkwe wangu."

Kartik hakuelewa. Ilibidi Verediana amweleze, na alimweleza kwa ufupi, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo. Yeye ni Mhehe, lakini aliolewa na Samwel, mpiga tarumbeta wa bendi hii hii, mtoto wa mlezi. Hao ni Wanyakyusa. Kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni. Akimwona njiani, anatoka njiani. Na jina lake halimtoki mdomoni, akiwa hai au amekufa. Walipokwenda kurekodi, yeye alikuwa bibi harusi wa juzi. Bendi yote ilimsihi amwite mlezi, wimbo wa redioni utakuwaje na shimo katikati. Akawaambia wapige saksafoni hapo, yeye atanyamaza.

Kartik akautazama mkanda. Mwimbaji wa kwenye mashine alinyamaza mahali alipopaswa kuita. Mama huyu naye amenyamaza mahali hapo hapo. Eveline peke yake ndiye aliyeita.

Ungedhani mambo yameisha. Humjui Eveline.

Alishuka jukwaani akilishika gauni lake, akaanza kupiga makofi polepole. Akasema hadithi ni tamu, karibu alie. Lakini mama huyu alikuwa amesimama mlangoni kabla hajajitokeza, sivyo? Ameusikia mkanda ukinyamaza. Mtu yeyote mwenye masikio anaweza kusikia shimo, kisha akaja na hadithi inayotosha kuliziba. Samwel amekufa. Mzee Sedekia amekufa. Nani atasema huyu aliolewa huko, tena kabla ya santuri? Muulizeni Shedrack.

Kartik akamuuliza Shedrack.

Shedrack akasema Samwel alikuwa na wasichana wengi, hawezi kujua nani alikuwa mke na nani alikuwa mpita njia.

Verediana hakumtukana. Alimwambia tu kwamba siku Samwel anakata roho alimuulizia yeye Shedrack, na hakwenda.

Kartik alikuwa katikati ya moto. Tiketi zimeuzwa, matangazo yamebandikwa, mkuu wa hiki na mwenyekiti wa kile wamealikwa. Akasema na Verediana kwa heshima, akamwita mama, lakini akili yake ilikuwa imeshasimama upande wa Jumamosi. Akamwambia ampe mtu mmoja, mmoja tu, asiyekuwa yeye mwenyewe, wa kuthibitisha kwamba alikuwa mke wa mtu huyo kabla wimbo haujarekodiwa. Kama hana, basi amsamehe.

Verediana hakuwa naye. Wasimamizi wa ndoa yake wamelala makaburini. Padri aliyewafungisha amelala. Akaokota mkoba wake. Eveline akaanza kupanda tena jukwaani, akimwambia Kartik aweke mkanda, muda unakwenda.

Mlango ukagonga ukuta.

Aliyeingia alikuwa mwanamke mnene wa makamo ya juu, kanga mbili juu ya koti, vumbi la safari miguuni, na hasira ambayo ilikuwa imepikwa njia nzima kutoka Mbeya. Alikuwa Lusia. Msomaji wa siku nyingi anamjua: binti wa Mzee Sedekia, dada wa marehemu Samwel, mwanamke ambaye hata chumvi ya nyumba ile ya Ilomba hainunuliwi bila yeye kujua. Jirani alimwona Verediana stendi akapiga simu. Lusia akapanda basi la nyuma yake.

Hakusalimia mtu.

"Wifi, vaa kitambaa chako vizuri twende."

Verediana hakusogea. Lusia akaendelea, na sasa alikuwa anasema na ukumbi mzima. Alisema ni aibu. Alisema ameacha ndizi shambani kwa ajili ya upuuzi huu. Wakati wa baba mambo haya yalikatazwa yakaisha, leo mtu mzima ana mvi anatoroka nyumbani kufuata kumbi za pombe.

"Mkwe wa Sedekia hasimami mbele ya walevi akakatika kiuno," akasema. "Alikatazwa akiwa msichana. Atakatazwa na sasa."

Eveline alifumba macho. Shedrack alijikunyata.

Kartik akamsogelea Lusia polepole, kama mtu anayeogopa ndege asiruke. Akamuuliza, samahani mama, baba yake ni Sedekia yupi?

Lusia akamwangalia juu mpaka chini. Sedekia wa malori, akasema. Mbeya nzima inamjua. Yeye hamjui kwa sababu ni mtoto.

Na mama huyu?

"Huyu ni mke wa kaka yangu Samwel. Nimemvika kanga mimi mwenyewe siku ya harusi yake. Miezi michache tu kakaa, akakimbilia Dar es Salaam na bendi hii kuimba redioni, baba akaumwa kwa hasira. Kwani kuna nini? Mbona mnanitazama?"

Lusia alikuwa amekuja na rungu kumpiga wifi yake, amelipiga dai la Eveline, limepasuka vipande.

Kartik alikwenda kwenye mashine, akautoa mkanda, akaurudisha kwenye kopo lake. Akamwambia Eveline kwamba Jumamosi hakuna mkanda. Atakayeimba ni mwenye sauti, na itatangazwa kabla ya wimbo kuanza kwamba sauti ya kwenye santuri ni ya Verediana Kalinga, na ilikuwa yake siku zote.

Eveline akamwambia watu wamelipa kumwona yeye. Kartik akajibu kwamba watamwona, atamwekea kiti.

Hapo, ndugu yangu, kama ningekuwa mtu wa kupenda kukufurahisha, ningeweka nukta. Lakini Lusia alikuwa bado amesimama pale, na alikuwa ameanza kuelewa alichokifanya.

Alimsogelea wifi yake mpaka pua kwa pua. Sauti yake ilishuka. Lusia akipiga kelele usimwogope, mwogope akinong'ona.

Akamkumbusha nyumba ya Ilomba imejengwa kwenye kiwanja cha nani. Akamkumbusha Samwel amezikwa wapi.

"Ukipanda hapo Jumamosi, usirudi. Vyombo vyako nitavitoa nje. Na kaburi la mume wako utakuwa unalichungulia kwenye uzio kama mwizi wa kuku."

Kartik alitaka kuingilia. Verediana akamzuia kwa kiganja.

Alisimama akifikiri, na uso wake ulizeeka palepale. Alikuwa amefika Iringa na moto, sasa moto ule ulikuwa unashuka. Kaburi la Samwel lipo nyuma ya jiko. Kila asubuhi hulifagia kabla ya kuwasha moto. Na yule mzee mwenyewe, alimheshimu maisha yake yote. Aliwahi kutumbukia mtaroni na mtoto mgongoni ili kumpisha njia. Aliwahi kukaa nyuma ya migomba na njaa yake mpaka mzee amalize kula na kuondoka uani. Hata siku ya msiba wake, wenzake walipomlilia kwa jina, yeye alilia bila jina.

Leo aivunje heshima hiyo kwa ajili ya wimbo? Uzeeni?

Akamshukuru Kartik. Akamwambia amtafute mwingine. Akageuka kuelekea mlangoni, na Lusia akamfuata akitembea kama askari anayesindikiza.

Eveline alikuwa ameshinda.

Narudia ili ulione vizuri. Alikuwa ameshinda. Mpinzani anaondoka kwa miguu yake mwenyewe, Kartik hana mwimbaji, mkanda upo kwenye kopo, Jumamosi inarudi mikononi mwake. Kilichotakiwa ni kimoja tu, kunyamaza, jambo ambalo mdomo ule haujawahi kuliweza.

"Nenda, Vere," akasema kwa kicheko. "Nenda kalinde jina la mtu aliyelifuta la kwako."

Shedrack akatikisa kichwa kwa nguvu. Eveline akamwona, akang'ata mdomo. Verediana alikuwa ameshageuka.

"Umesema nini?"

"Sijasema kitu."

"Rudia."

Labda ulikuwa uchovu. Labda Eveline naye alikuwa amechoka kuitwa mwizi katika kila ndoto ya mwanamke yule. Akakaa kwenye ngazi za jukwaa, gauni limemkusanyikia magotini, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya bati. Alisema yeye hakuiba. Siku ya kurekodi hakufika hata redioni. Alikuwa nyumba ya wageni Kariakoo anatapika samaki. Aliporudi Iringa na kuliona jina lake kwenye santuri alishtuka kuliko mtu yeyote.

"Sikuliomba jina lile, Vere. Nilipewa. Mkwe wako alitufuata Dar es Salaam na gari lake."

Verediana hakumtazama tena Eveline. Alimtazama Shedrack.

Na Shedrack, ambaye alikuwa amekana mchana kutwa, alishindwa kukana mara nyingine. Alisema akiangalia sakafu. Mzee alikuja wakati Verediana na Samwel wametoka kwenda kula. Alikaa kwenye kochi la redioni na kofia magotini. Akasema wimbo ni mzuri, utoke. Lakini jina la mke wa mwanangu halitasomwa redioni kama jina la changudoa. Andikeni lingine.

"Nikamwambia, mzee, sauti ni yake," Shedrack akasema. "Akaniuliza vyombo ni vya nani."

"Na ukaandika la Eveline."

"Lilikuwa la kwanza kunijia."

Maisha mazima Verediana alikuwa amemchukia mtu asiyehusika, na alikuwa ameingia mitaroni kumpisha anayehusika. Alinyamaza mbele ya kipaza sauti ili jina la mzee yule lisichafuke kinywani mwake. Mzee yule akatoka pale akalifuta la kwake.

Akamuuliza Lusia kama alijua.

Lusia akainua kidevu. Alijua. Nyumba nzima ilijua, hata Samwel alikuja kujua baadaye, baba akamwambia anyamaze akanyamaza. Kwani tatizo nini? Ilikuwa kwa ajili yake. Mwanamke aliyeolewa anahitaji jina la redioni la nini? Hiyo ndiyo heshima, wifi, hata kama huipendi.

"Samwel alijua," Verediana akasema.

"Alijua."

Hilo ndilo lililomaliza kila kitu. Nililiona, na wewe unaliona. Kaburi la nyuma ya jiko, linalofagiwa kila asubuhi, ndani yake amelala mtu aliyejua.

Verediana alirudi mpaka jukwaani. Akampita Eveline kwenye ngazi bila kumgusa. Akamuuliza Kartik dansi linaanza saa ngapi, na kama kuna mahali pa kulala mpaka siku hiyo. Kartik akasema mama yake, Rekha, atamtayarishia chumba. Verediana akamwambia Shedrack aanze kupuliza saksafoni yake leo leo, kwa mapafu aliyonayo, maana Jumamosi hatapuliziwa na mashine. Shedrack akaitikia kama mtoto wa shule.

Lusia akamwita. Akamwambia hii ni mara ya mwisho, basi la Mbeya bado lipo. Akanyoosha mkono, akamshika koti.

Verediana akautoa mkono ule kwenye koti lake, kidole kimoja kimoja. Tangu aolewe hajawahi kumwita mwanamke huyu kwa jina. Siku zote ni wifi.

"Lusia," akasema. "Nyumba ya Ilomba chukua. Vyombo toa nje. Lakini Jumamosi usirudi Mbeya, njoo ukae mstari wa mbele, kiti nitakulipia mimi. Nitaliimba tango lote. Na nikifika pale, sitanyamaza. Nitamtaja baba yako kwa jina lake lote, kwa mdomo huu wa mkwe wake, na Iringa yote itasikia alichofanya. Nakuahidi."